Uchawi Mdogo na Bibi Kambare

Juzi sinki ya jikoni kwangu iliziba. Fundi aliyekuja, kijana mpole mwenye begi la vyuma, aliingiza waya ndani ya bomba, akauzungusha, kisha akauvuta polepole. Kilichotoka mwishoni kilikuwa kitu cheusi, kirefu, chenye nywele na mafuta, kikining'inia kama kina uhai. Harufu ikajaa nyumba nzima. Nilitoka mbio hadi kwenye ngazi, na pale, mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake ya kupanga mjini Kitale, nikajikuta nimesimama kwenye ukingo wa bwawa la Anti Nafula kule Kamukuywa, mtoto aliyeziba pua kwa kola ya sweta.

Watu wa rika langu wakianza kukumbuka utoto, hukumbuka harufu nzuri. Mahindi ya kuchoma, vumbi likipata mvua, mandazi aliyopika nyanya. Mimi nakumbuka matumbo ya ng'ombe yaliyolala siku mbili kwenye gunia.

Tuliishi nje kidogo ya Kitale, kwenye shamba ambalo guka, babake baba, alilinunua alipohamia kutoka upande wa Murang'a. Mama alikuwa Mbukusu. Alipokuwa na mimba ya mapacha, daktari alimwambia alale kitandani asifanye lolote, na mimi, niliyekuwa mtoto pekee na mwenye maswali mengi, nikapelekwa kwa dada yake kwa likizo yote ndefu. Dada huyo ndiye Anti Nafula. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, na aliishi kwa samaki. Nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa alimofuga ngege, wale samaki wa magamba, na kambare, na sokoni alikuwa na kibanda ambako aliwakaanga na kuwauza.

Mimi sikuwa nimewahi kuishi na samaki. Kwetu tulikula githeri na viazi. Kwa Anti Nafula kila kitu kilikuwa na samaki ndani yake hata kama hakukuwa na samaki. Chai ilikuja na vijiduara vya mafuta vikielea juu, na vilinitazama. Kitasa cha mlango wa jikoni kilikuwa na ute uliokauka, na ukikishika kwa mkono wenye maji ute ule ulifufuka. Taulo, blanketi, hata Biblia ya Anti, vyote vilinuka tope. Nilikula ugali na sukuma wiki peke yake, nikizungusha tonge mdomoni hadi likapoa.

"Njeli," Anti aliniambia, kwa maana ulimi wake haukuikubali ile r ya jina langu, "wewe unakula kama mgonjwa. Mama yako atasema nilikunyima."

Kibaya zaidi kilikuwa saa ya kulisha. Anti alikuwa amepatana na mwenye bucha achukue matumbo yasiyouzika, damu iliyoganda na vichwa vya kuku, na kila jioni binamu yangu Wafula aliyatupa bwawani kwa koleo. Maji yaliyokuwa yametulia yalichemka. Kambare walipanda mmoja juu ya mwingine, vichwa bapa, ngozi tupu isiyo na gamba, sharubu zikipapasa, midomo ikifunguka kama vidonda. Wafula, aliyenizidi mwaka mmoja tu, alipenda kunivuta mkono nisogee karibu. Nilikuwa nikiota kwamba nimeteleza.

Aliyeniokoa na likizo ile ni Nasimiyu, dada yake Wafula. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani akingoja matokeo. Alikuwa msichana mtaratibu, mwenye sauti nzito isiyolingana na umbo lake, na kutoka shule ya bweni alikuwa amerudi na mchezo aliofundishwa na rafiki yake. Mchezo wenyewe hauna ubao. Mtu mmoja ni msimulizi, anayeuumba ulimwengu kwa maneno na kusema kilicho mbele yenu. Wengine kila mmoja ana mtu wake, na anasema mtu huyo anafanya nini. Kikiwa kitu kigumu, unarusha dadu, nayo inaamua. Nasimiyu alikuwa na dadu za plastiki za rangi ya zambarau, moja yao ikiwa na nyuso nyingi hadi ilikaribia kuwa gololi. Tulicheza mezani sebuleni, mchana, Anti akiwa sokoni.

Ulimwengu aliotuumbia ulikuwa chini ya bwawa. Alisema ukizama chini ya tope unatokea kwenye mto mwingine, mpana, wa giza, na kwenye mto huo kijiji kimoja kimeibiwa kengele yake. Aliyeimeza ni Bibi Kambare, mkubwa kama lori, anayekaa mwisho wa mto.

Wafula alichagua kuwa askari mwenye shoka. Mimi nilipoulizwa niliuliza kwanza kama nitalazimika kugusa kitu.

"Ukiwa askari, ndiyo," alisema Nasimiyu. "Ukiwa mchawi unaweza kusimama mbali."

Basi nikawa mchawi. Lakini nilikuwa mdogo, na kwa sheria za Nasimiyu mchawi mdogo hapewi moto wala radi. Alinipa uchawi mdogo tu, usioumiza hata nzi: kusafisha kitu kisichozidi sufuria, kupasha chakula moto, kubadilisha ladha, kutoa harufu, na kuwasha mwanga kwenye kitu kidogo.

"Hiyo ni uchawi ya kuosha vyombo," alisema Wafula. "Tutakufa, bana."

Siku ya kwanza tulikutana na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Nasimiyu alitueleza alivyo kwa ile sauti yake nzito: unene wa mgomba, mweusi, ute ukimdondoka kama makamasi, akijizungusha kwenye mashua yetu hadi mbao zikalia. Wafula alimkata kwa shoka. Dadu ikakataa, shoka likateleza. Alimkata tena, likateleza tena. Nasimiyu alinigeukia. "Mkia wake umefika miguuni pako. Unasikia baridi yake. Unafanya nini?"

Sikufikiria vita. Nilifikiria ule ute kwenye kitasa cha mlango. "Namsafisha," nilisema.

"Unamsafisha?"

"Hapo aliponigusa. Naondoa ute wote."

Wafula alicheka, lakini Nasimiyu hakucheka. Alinitazama kwa muda, akarusha dadu, akaitazama, kisha akaanza kusema polepole. Pale nilipomsafisha, ngozi ya mkunga ilikuwa kavu kama ulimi wa mtu mwenye homa. Ilinata kwenye mbao. Alipojivuta, ikabaki. Alijivuta tena kwa nguvu, kipande cha ngozi kikachanika na kubaki kwenye mashua kikipepea, naye akajinasua, akazama akilia.

Nilikwenda nje nikatema mate. Niliporudi, Wafula alikuwa ananitazama kwa namna nyingine.

Tangu hapo nikawa na njia yangu. Kwenye kinamasi ruba walimganda Wafula mgongo mzima, wakivimba kama zambarau zilizoiva. Nilisema nabadilisha ladha ya ngozi yake iwe mwarobaini.

"Uchawi wa ladha ni wa chakula," alisema Nasimiyu. "Ngozi ya mtu si chakula."

"Kwa ruba ni chakula."

Alifikiria jambo hilo akiuma kucha. "Sawa," alisema mwishowe, na ruba wakaanguka mmoja mmoja, kila mmoja akitapika alichokunywa. Na tulipomfikia Bibi Kambare mwenyewe gizani, tukisikia tu sharubu zake zikipapasa kuta, niliwasha mwanga kwenye kitonge cha ugali nikamtupia. Alikimeza. Tumbo lake likang'aa kama taa ya karabai, kengele ikaonekana ndani, na samaki wote wadogo wa mto ule, ambao hawakuwa wamewahi kuona mwanga, wakamkimbilia na kuanza kumdonoa tumbo. Yule lori wa samaki alikimbia, na alichokikimbia ni tumbo lake mwenyewe, akajichomeka kwenye shimo lake, na humo akakwama, amejaa ute, hatoki wala hatapiki kengele.

Nasimiyu alisema nina akili ya ajabu. Haikuwa akili. Nilikuwa na kinyaa tu, na mtu mwenye kinyaa hutafuta njia yoyote ile isiyohitaji kushika.

Siku hizohizo ngege wa kweli walianza kufa. Tuliamka tukawakuta wakielea ubavu, macho meupe, na kambare, ambao hawakufa, wakiwala kuanzia machoni. Nasimiyu alimwambia mama yake kwamba matumbo yamezidi, yanaoza chini na kumaliza hewa ndani ya maji, na kwamba kambare wanapona kwa sababu wanaweza kupanda juu kuvuta pumzi. Anti alimjibu kwamba bwawa ni lake, limewasomesha, na matumbo alianza kuyatumia kabla Nasimiyu hajaota meno. Lakini hakulala vizuri. Nilimwona asubuhi akiwaopoa waliokufa kwa ungo, akiwahesabu kwa macho.

Kisha siku moja alirudi kutoka sokoni mapema, akapitia nyuma, na chini ya dirisha akamsikia binti yake akisema kwa sauti nzito isiyokuwa yake: "Mimi ndiye Bibi wa chini ya maji. Nani amenitia moto tumboni?" Halafu kwa sauti ya kawaida: "Haya, Njeri. Leo una uchawi gani?"

Aliingia ndani. Hakupiga kelele. Aliziokota dadu mezani moja moja, akazitia kwenye kona ya leso, akafunga fundo, akatoka. Kesho yake mchana alikuja na Nabii wa kanisa lake na akina mama wachache wa ushirika wao.

Nabii huyo nilikuwa nimetarajia awe mzee. Alikuwa kijana, aliyeendesha mashine ya kusaga unga katikati ya wiki, na hata siku ile unga ulikuwa kwenye nyusi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alituketisha kwenye mkeka watoto watatu, akapiga magoti ili macho yake yalingane na yetu, akauliza kwa upole nani anatawala huko chini ya maji.

Hapo ndipo sikuelewa. Niliona mtu anayejua kuhusu wafalme wa majini, majina yao na askari wao, akitaka tumweleze kilicho mbele yetu. Nikadhani amekuja kucheza. Nikadhani Anti amempelekea zile dadu na yeye sasa ndiye msimulizi.

"Ni Bibi Kambare," nilisema.

Akina mama waliguna.

"Ana askari?"

"Ruba na mkunga. Lakini mkunga tulimsafisha."

"Na nani anawapeleka huko?"

"Nasimiyu. Yeye ndiye anatusimulia."

Nasimiyu alifumba macho. Wafula alinifinya paja, nami nikaona ni wivu kwa sababu nilikuwa nimejibu kwanza. Niliendelea kungoja Nabii arushe dadu. Alichofanya ni kuomba jagi, akamtuma mama mmoja bwawani.

"Hii loho ikiona maji yake, itatoka kuifuata," alieleza. "Usiogope, dada. Utakunywa kidogo, utatapika, imeisha."

Jagi lilikuja. Lilikuwa jagi la kupimia maziwa, lenye kuonyesha ndani. Maji yalikuwa ya kijani yakielekea kahawia, na kitu kama uzi mweupe kilizunguka ndani yake bila haraka. Juu kulikuwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Sebule ilinuka lile gunia. Nabii aliliombea kwa muda mrefu, akina mama wakiimba, kisha, na hili sikulitarajia mimi wala mtu mwingine, akanywa mwenyewe kwanza. Alikunywa kwa imani. Koo lake lilipanda na kushuka. Aliposhusha jagi, gamba la ngege lilikuwa limebaki limenata kwenye mdomo wake wa juu, likimeta, na alipozungumza likawa linapanda na kushuka pamoja na maneno.

"Sasa wewe," alimwambia Nasimiyu.

Nasimiyu alimtazama mama yake. Anti alikuwa amefumba macho kwa nguvu, machozi yakipita katikati ya kope, mikono yake mikubwa imeshikana. Alikuwa amesimama dakika zote zile kama mtu aliyeshikilia paa lisianguke. Nasimiyu akalipokea jagi kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni, na mimi nikajaribu uchawi wangu. Nilisema kimoyomoyo, safisha. Uzi mweupe uliendelea kuzunguka. Nikasema tena. Lile gamba likapanda, likashuka.

Nilitapika. Yalitoka bila onyo, chai na uji wa asubuhi na vyote, kwenye mkeka, kwenye viatu vya Nabii, kwenye pindo la suruali yake, na nilipodhani yameisha yakaja tena hadi yakatokea puani.

Wimbo ulikatika. Mimi niliendelea kukohoa. Kisha Nabii akatoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Imetoka," alisema. "Haikuwa kwa mkubwa. Ilikuwa kwa huyu mdogo."

Akina mama walipiga makofi. Mmoja alilichukua jagi mikononi mwa Nasimiyu, akalimwaga nje ya mlango. Anti alinikumbatia na matapishi yote, akinifuta uso kwa leso yake, akilia kwa furaha, na leso ile ilinuka samaki hadi nikataka kuanza upya. Dadu zilichomwa nyuma ya jikoni kwa mafuta ya taa. Moshi wake ulikuwa mweusi na mtamu kwa namna mbaya, na uliingia kwenye nguo zilizoanikwa. Jumapili nilisimamishwa mbele ya kanisa. Watu nisiowajua walipitisha viganja vyao vyenye jasho kichwani pangu, wakaniuliza nasikiaje, nikasema nasikia vizuri.

Siku hiyo mchana tulipokuwa tukiosha vyombo, Nasimiyu aliniuliza bila kunitazama, "Njeri, ile ulipanga?"

"Hapana. Niliona gamba kwa mdomo yake."

Aliweka sahani chini. Alicheka hadi akaketi sakafuni, akafunika uso kwa kitambaa cha vyombo, na baada ya muda sikuweza kujua kama bado anacheka.

Jumatatu asubuhi ngege walielea tena, wengi kuliko siku yoyote. Bwawa lilikuwa limefunikwa matumbo meupe kutoka ukingo hadi ukingo. Anti alisimama pale, leso kiunoni, muda mrefu hata nzi wakamzoea. Nasimiyu alikwenda akasimama kando yake.

"Mama, hiyo matumbo..."

"Nilisikia mala ya kwanza," alisema Anti. Akavua viatu. "Wafula, leta jembe."

Tulichimba mfereji upande wa chini, maji yakaanza kutoka kuelekea kwenye migomba. Kambare tuliwahamishia kwenye mapipa. Wao waliwahamisha, niseme ukweli, mimi nilishika karai ukingoni. Maji yaliposhuka, kilichokuwa chini kikajitokeza. Sitaki kukieleza chote. Lilikuwa tope jeusi linalong'aa kama lami, na ndani yake kulikuwa na utumbo uliogeuka kamasi, kwato, mdomo wa kuku uliofunguka, na mahali fulani tope lilikuwa likitembea lenyewe kwa sababu ya funza. Kila ulipotia koleo, povu lilipanda na kupasuka, na harufu ile, harufu iliyotoka juzi kwenye bomba langu, ilikuwa pale kwa ukubwa wa shamba.

Anti aliingia hadi magotini. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga. Kisha akaacha ndoo, akapanda ukingo kwa haraka, akaenda hadi kwenye ua, akainama. Mwanamke aliyekuwa akitoa matumbo ya samaki huku akinywa chai. Tulisikia akitapika. Alirudi akifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaniona namtazama.

"Njeli," alisema taratibu, "nafikili mimi pia nimetolewa pepo."

Hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipocheka mwenyewe, kwa pua, kidogo. Akaingia tena topeni. Alifanya kazi akiwa ametugeuzia mgongo, na sote tulidhani hilo limeisha, alipouliza:

"Huyo bibi wenu aliyemeza kengele. Alitoka kwa shimo?"

Nasimiyu alisimama na koleo hewani. "Umejuaje habari ya shimo?"

"Nilikuwa nasikia kwa dilisha. Si siku moja."

"Bado amekwama," Nasimiyu alisema. "Ute umemshika. Njeri anaweza kusafisha kitu kama sufuria tu, na yeye ni mkubwa kama lori."

"Kambale huwezi kumtoa ute kwa maji," alisema Anti. "Mimi humpaka chumvi. Chumvi ikimwingia, ute wote unakunjamana, unauvuta kama shuka. Si huyu mtoto anabadilisha ladha? Abadilishe maji ya hapo shimoni iwe chumvi."

"Ladha ya chumvi si chumvi, Mama."

"Kwani samaki anajua?"

Wafula alinitazama, nami nikamtazama Nasimiyu. Alikuwa na tope hadi shavuni. Aliyatazama mapipa.

"Hata dadu hatuna," alisema.

Anti hakuinua kichwa. Alizamisha ndoo kwenye uozo ule, akaivuta kwa mikono miwili. "Basi sema wewe," alisema. "Kama imewezekana ama haikuwezekana."

Nasimiyu alimtazama mama yake, muda mrefu kuliko aliowahi kuitazama dadu yoyote.

"Imewezekana," alisema.

Anti akaitikia kwa kichwa, akainua ndoo, akaimwaga ukingoni, karibu kabisa na miguu yangu.